Kasereka wa Filamu ya Pili

Kitu cha kwanza alichofanya Mutafsiri, kabla hata hatujamaliza kusukumana kwenye mabenchi, kilikuwa kuua sauti. Aliinama mbele ya televisheni, akazungusha kitufe mpaka Kiingereza chote kikaisha, kisha akatugeukia na kungoja tunyamaze. Sauti aliirudisha wakati wa ngumi tu, kwa sababu ngumi, alisema, kila mtu anaielewa. Maneno mengine yote yalitoka kwake. Aliketi juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta, pembeni ya televisheni, megafoni ya kanisa mkononi, miguu ameikunja kama mtu anayeota moto.

Ukumbi ulikuwa chumba kirefu cha udongo nyuma ya soko, hapo Butembo, na madirisha yake yalizibwa kwa shiti nyeusi ili mchana ugeuke giza. Filamu zilianza baada ya chakula cha mchana na kwisha jua likiwa bado juu, maana ilikuwa miaka ya vita na hakuna aliyetaka kukutwa barabarani jioni. Nje ilinguruma grupu ya umeme, mashine ya kale iliyokunywa mafuta kama mlevi. Ndani kulinuka makoti yenye unyevu, maana Butembo ni baridi, na samaki wa chumvi, maana mke wa Mutafsiri aliuza samaki wa Kyavinyonge pale mlangoni.

Nimeishi miji mingi tangu wakati ule. Sikai. Kila mji nilioingia nimetafuta chumba chenye televisheni na watu wengi, nikasimama nyuma karibu na mlango, nikangoja sauti ile. Mara ya mwisho nilipoisikia haikuwa ukumbini. Ilikuwa mezani, nyumbani kwa watu, Beni, na ilikuwa inanihusu mimi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mzungu au Mchina yeyote aliyeingia kwenye filamu, yeye alimpa jina. Kwetu Wanande mtoto hupata jina kwa jinsi alivyofuatana na ndugu zake: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea. Kwa hiyo mjini mwetu ukiita Kambale barabarani, nusu ya watu wanageuka. Mutafsiri alimtazama mchezaji akitembea hatua chache, akaamua. "Huyu Paluku," alisema. "Angalieni mabega. Anabeba nyumba yote." Au: "Ule anayechekacheka njo Kambale. Mukubwa wake anafanya kazi, yeye anavaa koti." Watu walipiga makofi. Kila familia ilikuwa na Kambale wake mwenye koti.

Adui peke yake hakupewa jina la nyumbani. Aliitwa Bwana wa Barrière, kama wale waliokaa kwenye vizuizi vya barabara na kuchukua kuku wa watu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akitokea tu na koti lake jeusi, akina mama walianza kumtukana kwa Kinande.

Na nchi za filamu zilikuwa zetu. Mji wenye maghorofa ulikuwa Kampala siku zote. Maji yoyote, hata bahari yenye meli, yalikuwa ziwa la Kyavinyonge. Msitu ulikuwa njia ya Manguredjipa, na watu wakitembea jangwani kwa muda mrefu Mutafsiri alisema, "Bametoka Eringeti na miguu. Muaache bapumuzike."

Kiingereza chake alikitoa wapi, hilo lilikuwa fumbo la mji. Yeye alisema kanisani, na ni kweli kwamba wahubiri wageni walipokuja ndiye aliyesimama karibu nao na kugeuza maneno. Siku moja mgeni alihubiri juu ya theluji. Alieleza theluji muda mrefu, mikono ikishuka polepole hewani. Mutafsiri akawaambia watu kwamba mgeni anazungumzia mvua ya mawe iliyovunja maharagwe yote kule Lubero, na mwanamke mmoja aliyebaki na kikombe kimoja cha mbegu akakigawa na jirani. Kanisa lililia. Watu walikwenda mbele kutubu, na mgeni hakuelewa nini kimewapata, akapangusa miwani yake na kumshukuru Mungu.

Mchungaji wetu, aliyejua Kiingereza kidogo, alimwita pembeni. Tulikuwa karibu, tukasikia.

"Ule mugeni hakusema maharagwe."

"Muchungaji, batu balilia ao hapana?"

"Balilia."

"Sasa nilikosea wapi?"

Wazee wa kanisa hawakupenda mtu mmoja ahubiri Jumapili na kuua watu kwenye televisheni siku nyingine zote. Walimwambia achague. Hakuchagua. Aliendelea kuazima megafoni, na kila Jumamosi aliirudisha kanisani ameiosha kwa sabuni, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa safi. Ukimuuliza kwa nini, alijibu bila kucheka kwamba damu ya filamu haitoki kwa maji matupu.

Sasa ajabu yake: mtu huyu nyumbani hakusema. Nilikula kwake mara nyingi kwa sababu nilisoma darasa moja na mtoto wake wa tatu, Kasereka, na sikumbuki mlo ambao alitamka zaidi ya "leteni chumvi". Mkewe aliongea, watoto waliongea, wageni waliongea. Yeye alitafuna akitazama mlango. Kasereka alisema baba yake anamaliza maneno yote ukumbini, kwa hiyo nyumbani anakuja na mdomo mtupu, kama mtu aliyerudi sokoni na kikapu kitupu. Tulicheka. Alikuwa kijana mrefu, Kasereka, wa mkono wa kushoto, na kidole chake kidogo cha mkono huo kilikatwa ncha na gurudumu la chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, tulipokuwa tunashuka mlima na mzigo wa makaa.

Ile filamu ililetwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Kampala, ndani ya mzigo wa vitambaa. Kaseti yake ilikuwa na picha ya mtu mwenye misuli amesimama mbele ya moto. Hadithi yake haikuwa hadithi. Kulikuwa na kisiwa, kulikuwa na mashindano ya kupigana, na aliyeshinda aliokoa dunia, sijui kwa njia gani. Wachezaji walivaa vyuma vya plastiki. Moshi ulitoka chini hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kuungua. Na kulikuwa na mnyama mkubwa wa kutisha, mwenye meno na mkia, ambaye alipogeuka nikaona kitu mgongoni mwake, nikasimama juu ya benchi, nikamwita Mutafsiri kama vijana wote walivyomwita.

"Papa! Ule nyama iko na zipu ku mugongo!"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mutafsiri akangoja kicheko kiishe, akainua megafoni.

"Ile ni kovu. Balimupasua, bakamushona. Weye tukikupasua, tutakushona na nini? Na kamba ya viazi?"

Tangu siku ile jina langu likawa Zipu. Kasereka hakuniita kwa jina lingine tena.

Kitu kilichotusumbua ni kwamba shujaa alikufa. Alianguka kutoka ukutani, damu ikamtoka mdomoni, akafa kabisa. Halafu kulikuwa na mwanga wa buluu na alikuwa amesimama tena, nywele zake safi. Mara ya kwanza Mutafsiri alikwama. Alisema ni pacha wake. Watu hawakumwamini. Lakini kijana mmoja wa dukani aliyefika Kampala alitueleza: filamu hii imetolewa kwenye mchezo, ule wa kucheza na vidole mbele ya televisheni, na kwenye mchezo mtu hupewa maisha matatu. Akifa, anaanza tena. Mutafsiri alilipokea neno lile kama zawadi. Kesho yake shujaa alipoanguka alituambia kwa sauti ya upole:

"Hapana kulia. Iko bado na mbili."

Likawa neno la mji. Mwanafunzi akianguka mtihani, aliwaambia wenzake kwamba bado ana mbili. Pikipiki ikizimika mlimani, dereva alishuka, akaipapasa, akasema iko bado na mbili.

Na shujaa mwenyewe, baada ya kumtazama hatua chache, Mutafsiri alimwita Kasereka. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mwanawe, aliyekuwa ameketi karibu nami. Aliinamisha kichwa, lakini niliona meno. Aliyekasirika ni mama yake. Nilimsikia mlangoni baada ya filamu, ndoo ya samaki kichwani.

"Unachukua jina ya mutoto muzima, unapatia mutu anayepigwa kila siku?"

Mutafsiri alikuwa amekwisha kutoka ukumbini, kwa hiyo hakujibu.

Nisimsifu kupita kiasi. Alikuwa na woga kama sisi wote, na mara nyingine woga wake ulinichoma. Siku moja afisa wa waasi, wale waliokuwa wakitutawala msimu ule, alikuja na askari wake wakakaa benchi ya mbele, bunduki kati ya magoti. Filamu ilikwenda vizuri mpaka mwisho, pale Bwana wa Barrière anapotumbukizwa kwenye shimo la moto. Afisa akanyoosha mkono, akataka sababu.

"Vieux. Ule chef, juu ya nini anakufa?"

Watu wake ndio waliokaa kwenye barrière zote, kuanzia Butembo mpaka Beni.

"Hajakufa, mon commandant," Mutafsiri alisema. "Amelala."

"Ah bon. Amelala."

"Analala sana. Amechoka na kazi."

Afisa aliridhika, wakaondoka. Hakuna aliyecheka. Siku zilizofuata tulipomkuta mtu ametupwa kwenye shamba la mihogo, ndivyo tulivyosema: amelala. Ila kesho yake, benchi ya mbele ikiwa tupu, Mutafsiri alimtumbukiza Bwana wa Barrière motoni, akarudisha kaseti nyuma, akamtumbukiza tena, akarudisha, akamtumbukiza, mpaka utepe ukaanza kulia ndani ya mashine na mwenye ukumbi akaja kumshika mkono.

Kasereka aliondoka wakati waasi wa kundi moja na wa kundi lingine walipoanza kukamata vijana ili wabebe masanduku ya risasi. Alisema anakwenda Manguredjipa kuchimba dhahabu. Wengi walikwenda. Nilikuwepo asubuhi ile kwa sababu nilikuwa nimeahidi kwenda naye, na sikuwa nimeamua. Mama yake alimfungia viazi vya kuchemsha na samaki kwenye jani. Baba yake alisimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Midomo ilitikisika. Kasereka alimngoja kwa adabu. Kisha akacheka, akampiga baba yake begani kwa ule mkono wa kushoto.

"Papa, hapana kuogopa. Niko bado na mbili."

Alishuka mlima. Mimi sikwenda naye. Nilipanda lori la upande wa mashariki wiki hiyohiyo na ndivyo nilivyoanza maisha haya ya njiani, ingawa miaka ya mwanzo nilikuwa nikirudi. Habari zilifika kwamba vijana wa msituni, wale wanaojimwagia maji kabla ya vita ili risasi zigeuke maji, wameshuka kwenye machimbo na kuchukua kila mwenye mikono. Baada ya hapo hakuna habari. Mtu mmoja alimwona. Mtu mwingine alimwona aliyemwona.

Nilirudi nikakuta grupu haipo. Askari walikuwa wameichukua kwa ajili ya kambi yao. Nilidhani ukumbi umefungwa, lakini nilipopita nilisikia megafoni. Nikaingia. Televisheni ilikuwa imezimwa, kioo chake cheusi kikituonyesha sisi wenyewe, wadogo na waliopinda, tumebanana kwenye mabenchi. Mutafsiri alikuwa amekaa kwenye bidoni yake, pembeni, palepale, ili asizibe picha. Alikuwa anatafsiri filamu ya kisiwa. Watu walitazama kioo. Naapa kuna wakati mtu mbele yangu alimwambia mwenzake ainamishe kichwa kwa sababu haoni.

Kulikuwa na kipande karibu na mwanzo ambacho zamani kilipita haraka: shujaa anafika kwenye geti la bandari, mzee mmoja mwenye kofia anamfungulia, shujaa anapita. Mutafsiri siku zote alisema mzee yule ni baba yake. Zamani baba alisema tu, "Enda vizuri." Siku ile alisema kwa muda mrefu sana. Alimwambia mwanawe asilale karibu na mto. Alimwambia viatu vikiloa avikaushe kwa majani makavu ya mgomba, asiviweke motoni. Alimwambia kuna watu watampa maji na kumwambia hatakufa, na yeye ayanywe maji hayo kama ana kiu, lakini asiyaamini. Alimwambia kwamba siku alipokatwa kidole, baba yake alijificha nyuma ya nyumba akalia, na hakuna aliyemwona. Nilitazama mlangoni. Mke wake alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta, ndoo bado kichwani.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Kampala, niliiona filamu ile nzima na sauti yake. Wakati huo nilikuwa nimejifunza Kiingereza cha kutosha kuulizia kazi. Nilitaka kusikia hasa mzee wa getini anasema nini. Anasema meli iko upande wa kulia. Basi. Hakuna baba katika filamu ile. Hakuna Paluku anayebeba nyumba. Watu wanapiga kelele, wanarushana ukutani, shujaa anasema maneno machache ambayo hata mlevi angeona haya kuyasema. Waliokaa karibu nami walicheka, na walikuwa na haki. Nilitoka nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Filamu ya pili ilikuja tulipokuwa tumeingojea muda mrefu. Grupu nyingine ilikuwa imepatikana, na mimi nilikuwa nimepita Butembo siku chache. Kaseti mpya ilikuwa na moto uleule na jina lilelile. Watu walijaa hadi dirishani. Mutafsiri aliua sauti, akakaa. Mtu mmoja akatokea kwenye kioo, mfupi, nywele za njano, taya pana.

"Kasereka amerudi," Mutafsiri alisema.

Mabenchi yakaanza kugongwa. Aliyepiga kelele kuliko wote nilikuwa mimi.

"Haiko yeye! Papa, huyu haiko Kasereka!"

"Kasereka ni murefu!"

"Huyu ametoka wapi? Turudishie wetu!"

"Mwizi! Mumetuletea mutu mwingine!"

Ni kweli alikuwa mtu mwingine. Waliotengeneza filamu walikuwa wamemwacha yule wa kwanza, labda kwa sababu wa pili alikuwa rahisi zaidi, wakadhani hakuna atakayejali. Mutafsiri alishusha megafoni kwenye magoti. Aliongea kwa mdomo wake tu, na ndiyo mara ya kwanza ukumbini kumsikia bila chuma.

"Njo yeye. Vita imemubadilisha sura."

Mabenchi yakaacha kugongwa. Katika chumba kile hakukuwa na mtu asiyengoja mtu. Mama mmoja muuza makaa, aliyekuwa na wana wawili msituni, alisema kutoka nyuma:

"Muache kelele. Kama baba yake anasema njo yeye, njo yeye."

Tukaitazama filamu ya pili mpaka mwisho. Ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Mji wetu hauachi neno zuri lipotee. Mtu akiuziwa mbuzi mnono na kuletewa mwembamba, muuzaji alimwambia vita imembadilisha sura. Walicheka sana na neno hilo. Nami nimelitumia, Bunia, Kisangani, Kasindi, kuwachekesha watu ambao hawakujua limetoka kwa nani.

Niliporudi baada ya kukaa mbali miaka mingi, ukumbi ulikuwa ghala la saruji. Mke wa Mutafsiri nilimkuta sokoni na samaki wake. Alinitambua mara moja, akanishika uso kwa mikono yenye chumvi.

"Zipu! Na weye vita haikukula?"

Nilimuuliza habari za mzee. Alianza kupanga samaki ambao walikuwa wamekwisha kupangwa.

"Iko Beni. Alienda kule juu ya batoto benye kutoka ku pori, bale balikamatwaka; banababeba na lori mpaka Beni, bazazi banaenda kuchagua batoto babo. Alikuwa anaenda kila lori. Kila lori. Siku moja alibakia mutoto mumoja, hakuna mutu alikuja kumutafuta. Muzee akamuuliza jina. Akasema, Kasereka."

"Ni yeye?"

"Kila nyumba iko na Kasereka, Zipu! Ule ni wa tatu wa mama mwingine. Labda mama yake alikufa, sijui, Mungu amusamehe. Miye nilizaa wangu. Niliona kidole yake ikitoka damu. Ule wa Beni iko na bidole yote kumi." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilimuambia mubaba: chagua. Hakuchagua. Basi miye nikarudi."

Alichukua samaki mmoja, mkubwa, akamfunga kwenye gazeti.

"Umupelekee. Moja tu, ya muzee. Na weye ulisoma na mutoto wangu. Ukifika umuambie mbele ya macho: haiko yeye. Miye akinisikia anasema ni hasira ya mwanamuke. Weye atakuamini. Arudi nyumbani tulie pamoja kama batu."

Nikaahidi. Ningefanya nini kingine, mbele ya mama anayekufungia samaki?

Beni ni joto, na nyumba yake ilikuwa pembeni mwa mji, mbao na mabati, imefagiliwa. Alikuwa amekonda. Koti lilelile la ukumbini sasa lilimzunguka kama shiti. Alinikaribisha kwa kutikisa kichwa, akapokea gazeti, akalinusa, akajua limetoka kwa nani. Yeye alitazama mlango, kama zamani kwenye meza yake, na nilikuwa natafuta pa kuanzia niliposikia ndoo ikitua nje.

Kijana aliingia na maji. Mfupi, mabega mapana, macho ya mtu anayehesabu milango. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka isiyopungua kumi. Aliweka ndoo chini, akanawa, akaleta ugali. Alifanya kila kitu kwa mkono wa kulia. Mutafsiri alifungua gazeti, akampasua samaki katikati, akampa kijana upande wa kichwa, ulio mkubwa, akajiwekea mkia. Alikumbuka nami nipo, akaukata mkia, akanipa nusu.

"Wasingya, Papa," kijana alisema. Ni asante ya Kinande, lakini aliisema kama watu wa mbali kaskazini wanavyoisema.

Mzee akanitazama. Nilijua anasoma uso wangu kama alivyosoma wale Wazungu, hatua chache tu, na amekwisha kuamua.

"Zamani ulipigaka kelele sana, kule salle ya filamu," aliniambia.

"Ndiyo, Papa."

"Ulikuwa na sauti. Alors. Sema."

Kijana aliacha kula. Hakuuliza kuna nini. Alijua. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya meza, wazi, na nikaona vile vidole vyote, na kwenye kifundo cha mkono kovu la kamba lililozunguka kama bangili. Alinitazama kama mtu anayetazama askari akikagua karatasi. Nyuma yake ukutani palining'inia megafoni, imefungwa mdomo kwa kitambaa safi. Nilimfikiria mama sokoni. Nilikuwa na maneno yake tayari kabisa kinywani, mawili tu, haiko yeye, yaleyale niliyoyapigia kelele siku ya filamu ya pili.

Kijana akafungua mdomo. Alitaka kunisemesha, labda kunisihi, lakini hakujua aniite nani, hakujua tulisoma wapi wala tulicheka nini, na mdomo ukabaki wazi hivyo, unatikisika bila sauti.

Ndipo Mutafsiri alipokunja miguu yake. Alijisogeza pembeni kidogo kwenye kiti, kama anayeogopa kuziba picha, na ile sauti ambayo nimeitafuta katika miji yote ikatoka, nzima, bila mkwaruzo, sauti ya mchana wa Butembo.

"Anasema hivi: 'Zipu. Ulikuwa wapi miaka yote hii?'"

Samaki alikuwa anapoa. Midomo ya kijana ilifunga polepole, baada ya maneno kwisha, kama ilivyokuwa siku zote kwenye filamu.

"Nilikuwa njiani, Kasereka," nikamjibu.